Radi ya Ijumaa, Njiwa wa Jumamosi

Wiki ile ya sherehe ya kijiji, nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo pindi dada wa redio anapoanza kusoma hali ya hewa ya mkoa. Hata mimi mwenye nyumba. Jumatatu jioni niliuliza tu haradali iko wapi, mke wangu Lutgart akanikata jicho mpaka nikala viazi vyangu vikavu.

"Joto litazidi kupanda," dada wa redio akasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza watoto. "Ijumaa jioni tutarajie mvua za radi kutoka kusini-magharibi, nyingine kali. Baada ya hapo, wikendi itakuwa nzuri."

"Umesikia?" Lutgart akaniuliza.

"Nimesikia. Wikendi nzuri. Sherehe itafana."

"Sherehe! Mimi nina njiwa anakwenda Limoges, Wannes, wewe unaniambia habari za sherehe!"

Nilipomwoa Lutgart niliwaoa na njiwa wake, wote kwa mkupuo mmoja. Baba yake alifuga, babu yake alifuga, na huku kwetu Ubelgiji, karibu na Geraardsbergen, nyumba isiyo na banda la njiwa bustanini zamani ilionekana kama haina mtu. Kila mwezi wa Julai, wikendi ileile ya sherehe, klabu yetu hushiriki mashindano ya Limoges. Alhamisi jioni njiwa huwekwa kwenye vikapu, lori huwabeba usiku kucha mpaka katikati ya Ufaransa, na Jumamosi asubuhi hufunguliwa wote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ashike njia ya kwao. Ni kama kilomita mia sita. Sisi huku tunakaa bustanini, shingo juu, tunangoja nukta itokee mbinguni.

Lutgart alikuwa ameshinda mashindano mengi madogo. Limoges hajawahi. Kila mwaka pale kijijini Limoges ilikuwa ya Firmin Cosyns, dereva wa treni mstaafu, aliyeishi peke yake upande wa pili wa kanisa. Firmin ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi yetu ya matarumbeta, lakini mdomo wake ulikuwa na kelele kuliko ngoma yake.

Mwaka huo Lutgart alikuwa na Fientje. Kajike kadogo, ka kijivu, macho kama shanga. Ukikaona utadhani hakawezi kuvuka barabara. Kumbe mwezi Mei na Juni kalikuwa kanafika mbele ya wenzake kila mara, na sasa, juu ya hayo, kalikuwa na kifaranga cha wiki moja kwenye kiota. Mfugaji yeyote atakuambia: jike aliyeacha kifaranga nyumbani huruka kama mama aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka.

"Ni mwaka huu au basi," Lutgart alisema. "Ila hiyo radi."

Jumanne radi ilisogezwa kutoka Ijumaa jioni mpaka Ijumaa usiku. Jumatano wakatoa tahadhari, mkoa wetu wote ukapakwa rangi ya chungwa kwenye ramani. Mimi ni fundi wa mabomba, kazi yangu ni maji yaliyoko ndani ya nyumba, ya mawinguni hayakuwahi kunihusu. Lakini kufikia Jumatano nilishaugua ugonjwa uleule. Nilikuwa nimelala chini ya sinki la mteja, nimeshika spana kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, nalinganisha utabiri wa mkoa wetu na wa Ufaransa kaskazini. Mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Alhamisi jioni tukampeleka Fientje kwa Mariette. Mariette ana baa mkabala na kanisa, na ndiye mwenyekiti wa klabu. Watu walikuwa wamejaa, jasho linawatiririka, kila mmoja amekumbatia kisanduku chake kama amebeba mayai. Firmin alikuwa amekaa kwenye kona na glasi ya bia, ameweka njiwa mmoja tu mezani.

"Haa, mama Fientje!" akapaza sauti. "Umekuja kumzika mtoto?"

"Nimekuja kumpeleka akutoe jasho, mzee."

"Kwa radi hii? Hawataachiliwa Jumamosi, nakuambia mimi. Watawaweka mpaka Jumapili, au Jumatatu kabisa, wamekaa kwenye vikapu wanalowa. Watoto wangu wa maana nimewaacha nyumbani wanakula mtama wao kwa raha."

"Na huyo je?"

Firmin akamtazama njiwa wake. Alikuwa dume mzee, mnene, mwenye unyoya mmoja wa mkia uliopinda. "Huyu ni Staf. Huyu nampeleka kutalii. Akirudi, karibu. Asiporudi, Limoges pazuri, atapata mjane."

Baa nzima ikaangua kicheko. Lutgart naye akacheka, lakini mimi niliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinampapasa Fientje kifuani.

"Mkeo asishike redio tena," Firmin akanigeukia. "Dada yule amemroga."

"Dada yule kasema wikendi nzuri," Lutgart akajibu kabla yangu. "Radi itapita Ijumaa, Jumamosi hewa imeoshwa, safi. Nani ataruka vizuri kama si wangu? Tuwekeane. Atakayeshindwa atakwangua kinyesi kwenye banda la mwenzake mwezi mzima, kwa goti."

"Kwa goti?"

"Kwa goti, Firmin. Na kikwangua atakuja nacho mwenyewe."

Wakashikana mikono. Fientje akaingia kwenye kikapu, Staf akaingia kwenye kikapu, na lori likaondoka.

Ijumaa hakukukalika. Joto lilikaa juu ya paa kama blanketi la ng'ombe. Kwenye uwanja wa kanisa, wenye bembea walikuwa wanafunga mashine zao, hema la bia linasimamishwa, na kila mtu anaangalia kusini-magharibi. Saa za jioni zikaja, radi haikuja. Tukakaa bustanini mpaka mbu wakatuchoka. Mbingu ya njano, hakuna jani linalotikisika.

"Iko wapi?" Lutgart alikuwa anauliza kila dakika. "Walisema leo. Iko wapi, Wannes?"

Nilimwonyesha kwenye simu. Mkanda wa radi ulikuwa umepita Limoges mapema usiku ule, sawa kabisa na walivyosema, kisha ukapunguza mwendo. Asubuhi ya Jumamosi tulipoamka ulikuwa umejilaza Ufaransa kaskazini, mwekundu na wa zambarau, umetanda kati ya njiwa wetu na nyumbani kwao kama jitu lililolala mlangoni.

Dada wa redio hakuona haya. "Mvua za radi zimechelewa kidogo. Zitafika kwetu mchana, halafu wikendi nzuri, kama tulivyosema."

"Kidogo!" Lutgart akaipigia redio kelele. "Unaita hiyo kidogo, wewe binti?"

Saa nne hivi Mariette akapiga simu. Niliweka sauti ya juu ili sote tusikie. "Lutgart, wamewafungua! Limoges jua linawaka, upepo mdogo. Wameona heri waruke sasa, radi itakuwa imeondoka njiani watakapofika."

"Na isipoondoka?"

"Itaondoka, mwanangu. Itaondoka."

Lutgart akakata simu, akasimama katikati ya jikoni bila kujua pa kupeleka mikono. Njiwa wakikutana na radi hawapiti. Wengine hutua popote na kungoja, wengine hupotea kabisa. Fientje alikuwa tayari angani, na lile jitu bado limelala.

Basi tukafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: tukakiombea kijiji chetu mvua siku ya sherehe. Kila radi ambayo ingetufikia sisi ingekuwa imemwachia Fientje njia. Niliangalia simu, nikamtangazia kama mpira. "Inasogea! Imefika mpakani! Imeingia Tournai!"

"Iambie iharakishe!"

Ilifika saa saba mchana. Kwanza giza, mpaka taa za barabarani zikawaka zenyewe. Halafu upepo ukatoka tu pembeni na kulichukua hema la bia, ukalipeleka kwenye shamba la mahindi. Kwenye uwanja watu wakakimbia huku na huku, akina mama wameziinamia keki za jibini kuzikinga, wenye bembea wanatukana kwa lugha zote. Radi ikapiga juu ya kanisa mpaka madirisha yetu yakalia. Na mke wangu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, alikuwa nje bustanini peku, mvua ya mawe inamponda kichwani, ameinua mikono.

"Njoo!" alikuwa anapiga kelele. "Njoo yote! Ongeza! Pita, pita, pita!"

"Lutgart, ingia ndani, utauawa!"

"Usiifukuze, Wannes!"

Nilitoka na ndoo ya plastiki nikamfunika kichwa. Tukasimama chini ya ndoo, tumelowa chapachapa, tunacheka kama watoto waliotoroka shule. Jirani mmoja alitutazama dirishani. Alifunga pazia.

Halafu ikaisha, kama mtu aliyefunga bomba. Mawingu yakaondoka kuelekea Brussels yakinguruma, na nyuma yake ikabaki mbingu ya samawati ambayo hatukuwa tumeiona tangu Juni. Hewa ilinukia majani na vumbi lililolowa. Wanaume wakaenda kulitoa hema kwenye mahindi. Matembezi ya bendi, yaliyokuwa yaanze mchana, yakasogezwa mpaka saa kumi na mbili jioni.

Tukabadilisha nguo, tukabeba viti viwili, tukakaa chini ya banda. Utaratibu ni rahisi: njiwa ana pete mguuni, anatua kwenye ubao mlangoni mwa banda, anapoukanyaga, saa inalia na kuandika muda. Bila kukanyaga ubao hajafika. Anaweza kukaa juu ya paa mpaka kesho, mashindano hayamhesabu.

Saa kumi na moja hakuna kitu. Kila kunguru alinirusha moyo. Lutgart hakukaa, alikuwa anazunguka mti wa pea, anaongea peke yake. "Akiwa amepita Paris mapema… upepo uko nyuma yake sasa… kama hakunywa maji njiani…"

"Kaa chini, utaichimba bustani."

"Nyamaza, naangalia."

Ilipokaribia saa kumi na mbili, alinishika mkono. Kucha zake ziliingia kabisa. "Pale. Juu ya mnara wa maji. Wannes, pale!"

Nukta. Nukta iliyokuwa na mabawa. Haikuzunguka, haikusita, ilikuja imenyooka kama jiwe lililotupwa, ikakunja mabawa juu ya bustani yetu, na nikamwona Fientje kwa macho yangu mwenyewe, kifua kimelowa, akishuka moja kwa moja kuelekea ubao.

Pale pale, kwenye kona ya barabara yetu, bendi ikaanza. Matarumbeta yote, na juu yake ile ngoma kubwa: BUM! BUM! BUM!

Fientje akashtuka akiwa hajafikia ubao hata mita mbili. Akapanda juu, akatua kwenye kilele cha paa la nyumba yetu, akasimama wima, shingo imenyooka.

"La!" Lutgart akasema kwa sauti ndogo. "La, la, la. Fientje. Njoo mama. Njoo."

Akatikisa kopo la mtama. BUM! BUM! Fientje akasogea mbali zaidi, mpaka karibu na bomba la moshi. Bendi ilikuwa inakuja upande wetu, watoto wanacheza nyuma yake, watu wamejaa njia nzima.

Mimi nilikimbia. Nilipita jikoni, nikatokea barabarani na soksi, nikaenda kusimama mbele ya bendi nzima nimetanua mikono. "Simameni! Njiwa! Njiwa juu ya paa!"

Mkuu wa bendi hakuelewa, matarumbeta ya mbele yakaendelea. Lakini Firmin alielewa. Alikuwa amefunga ile ngoma tumboni, uso mwekundu kama nyanya kwa joto la sare. Alitazama juu ya paa letu, akamwona Fientje, na lile rungu la kupigia likabaki hewani.

"Kimya!" akanguruma. Nakuambia, radi ya mchana haikufua dafu. "Kimya nyote! Anayepuliza nitamvunja tarumbeta kichwani! Njiwa kafika!"

Kijiji chetu ni kijiji cha njiwa. Bendi ikanyamaza. Watu wakanyamaza. Mama mmoja akamziba mwanawe mdomo. Kule uwanjani mtu alikimbia kuzima muziki wa bembea. Watu zaidi ya mia walisimama barabarani, nyuso juu, hakuna hata aliyekohoa, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya mke wangu nyuma ya nyumba, anatikisa kopo lake polepole, anaita, "Njoo mama. Njoo. Mwanao ana njaa."

Fientje akatazama huku. Akatazama kule. Akajikung'uta maji. Firmin kando yangu alikuwa anamnong'onea kwa meno yaliyofungana, "Shuka, kitoto. Shuka basi, shuka, usitutese."

Akashuka.

Tukasikia saa ikilia, *piip*, na mara ile kelele iliyotoka kwa Lutgart ikaruka juu ya paa na kutuangukia barabarani. Watu wakaitikia kwa shangwe, matarumbeta yakapulizwa ovyo, na Firmin akapiga ngoma kwa nguvu zake zote, mapigo yasiyo na mpangilio wowote, akicheka. Nilirudi bustanini nikamkuta mke wangu amekaa kwenye nyasi zilizolowa, analia na kucheka, na ndani ya banda Fientje ameshasahau habari zetu, anamlisha mwanawe.

Saa yetu ya mashindano tuliibeba mpaka kwa Mariette jioni ileile. Waliokuwa wamepata njiwa walikuwa wachache, na wote walikuwa nyuma yetu. Watu walikuwa wanampigapiga Lutgart mgongoni. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Firmin, bado na sare ya bendi, kofia haipo, amekumbatia saa yake kifuani. Alikuwa anahema.

"Mariette," akasema, "hebu soma hii. Macho yangu yananidanganya."

"Kuna nini?"

"Nimekwenda nyumbani kuvua viatu. Nimemkuta Staf amelala kiotani. Amelala! Mabawa yamekauka!"

Mariette akaunganisha saa na mashine yake. Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Staf ameingia kabla ya Fientje," akasema. "Kwa nusu dakika."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mke wangu. Mimi nilipiga hesabu, na nikaona kila mtu anapiga hesabu hiyohiyo: Fientje alikaa juu ya paa zaidi ya dakika tatu kwa sababu ya ngoma ya Firmin, na ndani ya hizo dakika tatu dume la Firmin lilijishukia kimyakimya upande wa pili wa kanisa, ambako hakukuwa na mtu.

"Wewe!" Lutgart akasimama. Alikuwa mwekundu. "Wewe mzee na ngoma yako! Umenitoa njiwa wangu mlangoni!"

"Sikujua, Lutgart. Naapa. Mariette, futa hiyo. Ushindi ni wake, wa kwake alifika kwanza, wote tuliona."

"Usifute," Lutgart akasema.

"Futa!"

"Nimesema asifute! Saa ni saa. Nimefuga miaka yote hii kwa saa, leo niipinge kwa sababu imenikataa? Na kikwangua nitakuja nacho mwenyewe." Alishusha pumzi, halafu, sijui ilitoka wapi, akaanza kucheka. "Staf! Mungu wangu. Yule mnene. Na mkia wake ule!"

Firmin hakucheka. Alivuta kiti akakaa, ameikumbatia ile saa.

"Nimepata nini mimi?" akasema. "Miaka yote nasimama bustanini, kila Limoges, kwenye jua, kwenye mvua. Mwaka huu Staf wangu, mzee wangu, anapita radi, anakuja wa kwanza mkoa mzima labda, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwona akishuka. Mimi nilikuwa kwako naangalia wa kwako."

Lutgart akamtazama. Hasira ilimtoka usoni, hiyo niliiona. Akavuta kiti akakaa mkabala naye, magoti yao yanagusana.

"Basi nikusimulie wangu alivyokuja," akasema. "Na Staf atakuwa alikuja hivyohivyo. Njia ni moja."

"Alitokea wapi?"

"Juu ya mnara wa maji."

"Alizunguka?"

"Hata! Alinyooka hivi." Akaonyesha kwa kiganja, kikapita juu ya glasi za watu.

"Alikunja bawa?"

"Alikunja, Firmin. Juu ya mti wa pea."

"Anza tena," akasema mzee. "Anza kule kwenye mnara. Polepole."

Akaanza tena. Nilitoka nje kutafuta chipsi, kwa maana tangu asubuhi hatukuwa tumekula chochote. Jua lilikuwa bado halijazama. Bembea zilikuwa zinazunguka, watoto wanapiga makelele, hema la bia limesimama upya japo limechafuka matope upande mmoja. Kwenye foleni ya chipsi mtu alikuwa na redio ndogo, na dada yule alikuwa anasema kesho jua, upepo mwanana, mbingu safi mkoa mzima. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alinong'ona kwamba siku hizi hawa wa hali ya hewa hawajui kitu. Nilimwambia anyamaze, nisikie vizuri.